Unga Chini ya Kigoda

Msomaji wetu mmoja wa Runyenjes ameleta barua akisema kwamba anacho kigoda cha marehemu babu yake, naye ataka kukitoa kwa Jumba la Makumbusho la Meru, lile lililofunguliwa mwaka 1974 katika jengo la mawe lililokuwa ofisi ya Bwana D.C. Lakini kila asubuhi huona unga chini ya kigoda. Amekinyunyizia dawa ya ghalani mara mbili, na unga haukukoma. Auliza afanyeje.

Twamwomba asikipeleke bado, wala asikinyunyizie tena. Dawa ya juu haimfikii mdudu aliye ndani ya mti. Itabaki ikingoja mikono ya watakaokishika. Kwanza na amtambue mdudu mwenyewe.

Shahidi ni huo unga. Atandike karatasi nyeusi, akigonge kigoda polepole juu yake, kisha ausugue kwa vidole. Ukiwa laini kama unga wa ngano, na matundu ni ya mviringo, upana wa milimita 1 au 2, huyo ni fukusi wa mbao, apendaye sehemu ya nje ya mti iliyo na wanga. Zikiwa ni punje ndogo ngumu zenye pande 6, hicho ni kinyesi cha mchwa wa mti mkavu, ambao hawahitaji kugusa udongo. Na kama kigoda kilikaa ghalani, asimsahau dumuzi mkubwa wa mahindi, aliyeonekana Taveta mwaka 1983 baada ya kuingia Tanzania kutoka Amerika. Huyo hutoboa hata mbao.

Walinzi wa makumbusho wana haki kuogopa zawadi ya namna hii. Ghalani mwao mna mavazi ya ngozi, manyoya na pembe, navyo vina adui wao, mdudu wa ngozi. Mkubwa wake ni kidudu cha mviringo, milimita 2 hadi 4, mwenye madoa. Hula chavua ya maua na kukimbilia mwangaza, hata akafia dirishani. Mharibifu hasa ni buu lake lenye nywele, ambalo huacha maganda matupu kila linapokua. Mwandishi wa safu hii aliwahi kuwaona wakubwa hao dirishani kwake, akadhani wametoka bustanini. Mwaka uleule blanketi lake la sufu likawa kama chekeche.

Sasa dawa ya kigoda. Na akifunge ndani ya plastiki bila kuacha upenyo, akiweke katika friza yenye baridi ya digrii 18 chini ya sifuri au zaidi, kwa wiki 2. Akikitoa, asikifungue mpaka siku ya pili, kisije kikatota kwa umande. (Ngoma zenye ngozi iliyokazwa zisifanyiwe hivyo kabla ya kuuliza wajuzi.)

Kisha akisafishe, azungushe alama ya chaki kwenye kila tundu, na kukiweka juu ya karatasi nyeusi kwa miezi 3. Unga wa zamani huweza kumwagika kigoda kinaposogezwa, kwa hiyo asishtuke kwa chembe mbili tatu. Atazame tundu jipya lisilo na chaki, ambalo kingo zake huwa nyeupe. Asipoliona, na awaandikie watu wa Meru, awaeleze yote, pamoja na jina la ile dawa aliyonyunyiza.