Mbona Kiswahili hakiketi mezani hotelini?

Kila mwalimu aliyefundisha Kiswahili katika shule za msingi za Kenya ameihifadhi orodha hii kwa ghibu: staftahi, chamcha, chajio, kitindamlo. Watahiniwa wa miaka mingi waliyakariri maneno hayo, hadi mtihani wa KCPE ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Swali langu leo ni jepesi. Je, baada ya mtihani maneno haya huenda wapi? Nimeyatafuta mahali ambapo yangepasa kuwa na kazi kila siku, yaani katika hoteli za kifahari za mashambani baina ya Ruiru na Thika. Sikuyaona.

Eneo hili si geni katika biashara ya hoteli. Blue Posts ya Thika, iliyo baina ya maporomoko ya mto Chania na yale ya mto Thika, ilianzishwa mwaka 1908. Walowezi waliokuwa wakielekea Fort Hall, yaani Murang'a ya leo, na Nyeri walipumzika hapo. Elspeth Huxley ameitaja katika kitabu chake cha mwaka 1959 kuhusu utoto wake katika shamba la kahawa la wazazi wake karibu na Thika. Katika hoteli za walowezi enzi zile Mwafrika alikuwa mpishi au mtumishi, hakuwa mgeni. Kiswahili nacho kiliingia pamoja naye kwa mlango wa jikoni, tena kile kilichokatwakatwa ambacho wanaisimu tunakiita Kisetla, lugha ya kuamrisha: leta, ondoa, upesi! Uhuru ulikuja mwaka 1963 na ubaguzi wa rangi mezani ukakoma. Mgawanyo wa kazi baina ya lugha, hata hivyo, ulibaki vile vile: Kiingereza mezani, Kiswahili jikoni.

Wapo watakaosema kwamba hoteli za aina hii ni za watalii, na mtalii hajui Kiswahili. Hoja hiyo huenda ilikuwa na uzito zamani. Tangu barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012, mwendo kutoka Nairobi umekuwa mfupi mno, na anayekuja kulala huko mwishoni mwa juma aghalabu ni Mkenya: maharusi, wafanyakazi waliokuja semina, jamaa wanaosherehekea shahada ya mtoto wao. Mashamba yenyewe yamebadilika. Ardhi ya Tatu City huko Ruiru, ekari zipatazo 5,000, ilikuwa ya mibuni, na leo inajengwa nyumba, shule na viwanda. Mibuni iliyosalia imekuwa mandhari ya kutazamwa dirishani na mgeni anayekunywa kahawa.

Na hapo kuna kichekesho ambacho mwanaisimu hawezi kukipita. Kutokana na neno kahawa, Kiswahili kimeunda neno zuri kabisa, mkahawa. Ruiru ndiko kulikotoka aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 kwa sababu inastahimili chulebuni na kutu ya majani. Lakini katika hoteli niliyolala hivi majuzi nje ya mji huo, iliyozungukwa na mibuni pande tatu, neno mkahawa halikuandikwa popote. Neno hoteli nalo, ambalo ni ndugu wa hospitali kwa asili yake ya Kilatini, lina maana nyingine kwa Mkenya wa kawaida: ni kibanda cha chai na maandazi kwenye stendi. Bei ya sahani moja niliyokula usiku ule ingewalisha watu wanane katika hoteli za stendi ya Thika.

Chakula kilikuwa kizuri, sina budi kukiri, na wahudumu walikuwa na adabu. Meza ya jirani yangu walikaa jamaa waliomleta bibi yao mzaa mama. Bibi alipewa orodha ya vyakula kama wengine, akaishika, akaigeuza, akaiweka chini. Wajukuu walianza kumfasiria kwa haraka haraka, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Hapo yule mhudumu, kijana wa umri wa wanafunzi wangu, aliinama kando ya kiti chake akasema: "Cucu, hiki ni viazi vilivyopondwa na mahindi na majani ya malenge. Hiki ni samaki aliyekaushwa kwa moshi, hana miiba. Na hiki cha mwisho ni maembe yaliyogandishwa kwa maziwa."

Bibi akacheka. "Kumbe ni mukimo!" akasema. "Mbona hawakuandika mukimo?"

Naam, mbona? Chakula cha Agĩkũyũ, kilichopikwa katika ardhi ya Agĩkũyũ, kilikuwa kimeandikwa kwa maneno saba ya Kiingereza na moja la Kifaransa. Kijana yule alikuwa amezieleza sahani tatu kwa Kiswahili sanifu bila kutafuta neno. Basi hatuwezi kudai kwamba lugha imepungukiwa. Maneno yapo na wasemaji wapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuamua kwamba yapigwe chapa.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Najua kwamba kifungu hicho hakimlazimishi mwenye hoteli. Lakini kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo yatakayomwezesha kufaidi anachonunua. Bibi yule alikuwa mnunuzi, au angalau alinunuliwa. Alipata maelezo hayo kwa hisani ya mhudumu, na hisani si haki.

Si kwamba hoteli zetu zinakichukia Kiswahili. Zinakipenda kama pambo. Vyumba huitwa Simba na Chui, na bendi hupiga "Jambo Bwana", wimbo uliotolewa na Them Mushrooms mwaka 1982, ilhali Mkenya hasalimiani hivyo na mwenzake. Lugha inaruhusiwa mlangoni na jukwaani. Palipo na fedha, yaani kwenye orodha ya vyakula, hesabu na mkataba wa ukumbi, inaombwa isubiri nje. Na mwanafunzi huliona hilo. Anaposema darasani kwamba Kiswahili hakina kazi, hasemi kwa uvivu. Anasoma mabango.

Chuo cha Utalii, kilichofunguliwa mwaka 1975, kiko kando ya barabara hii hii ya Thika. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu haziko mbali. Sioni kinachozuia wanafunzi wa pande mbili kukutana. Mimi nimeanza na wangu: niliwapa orodha ya vyakula ya kurasa nne waifasiri. Kitindamlo kilipata nafasi yake bila ubishi. Samaki na mboga havikuwasumbua. Waliposhindwa ni kwenye ule uoto mzito unaomwagiwa nyama. Wa Mombasa walisema ni rojo, wa Thika wakashikilia kwamba ni mchuzi tu, na mmoja kutoka Busia akataka tuseme sosi twende zetu. Nimewapa wiki moja zaidi.