Kobalti ya Kongo yapata mpinzani: chuma

Kongo imekaza mkono kwenye kobalti. Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha kuuza nje madini hayo ili bei ipande, na Oktoba ikaweka mgawo: tani 96,600 kwa mwaka 2026. Zaidi ya 70% ya kobalti ya dunia inatoka huko, kwa hiyo bei kweli ilipaa.

Shida ni moja. Betri nyingi za magari ya umeme siku hizi hazina kobalti kabisa. Zinatumia chuma na fosfeti, atomi zikiwa zimejipanga kama kwenye olivini, madini ya kijani ya miamba ya volkano. Mpangilio huo unabana oksijeni vizuri, hivyo betri haishiki moto kirahisi. Na gharama iko chini. Mwaka 2024 betri hizi zilikaribia nusu ya soko la magari ya umeme, China ikiongoza.

Simu nyingi bado zinahitaji kobalti, kwa hiyo soko halijafa. Lakini bei ikipanda mno, viwanda vya magari vina pa kukimbilia. Mchimbaji mdogo wa Kolwezi hana, na kamba hukatikia pabovu.