Pato la Taifa na Jasho la Kihamba

Mkulima wa Kibosho au Mwika, huko Kilimanjaro, asikiapo kwamba uchumi wa Tanzania ulikua kwa asilimia 5.1 mwaka 2023, ana haki ya kuuliza ni kitu gani hasa kilichopimwa. Jawabu ni kwamba Ofisi ya Taifa ya Takwimu hukusanya thamani ya vyote vilivyozalishwa nchini kwa mwaka, mazao na viwanda, biashara na huduma, ikatoa thamani ya vilivyotumika katika kuzalisha ili kitu kimoja kisihesabiwe mara mbili, kisha ikavipima kwa bei za mwaka mmoja wa kizio, ambao kwa hesabu hiyo ulikuwa 2015, ili kupanda kwa bei kusidhaniwe kuwa ni neema.

Hesabu hiyo ni ya lazima, wala sijiungi na wanaoibeza. Hata ndizi zilizoliwa nyumbani bila kufika soko la Mbuyuni hukadiriwa na kutiwa ndani. Na tangu wanauchumi Peacock na Dosser walipokadiria pato la Tanganyika la miaka ya 1952 hadi 1954, kukithamini chakula kisichouzwa kumekuwa miongoni mwa mashaka makubwa ya kazi hii.

Walakini mkungu ule wa ndizi ukishafika jikoni, hesabu hukoma. Mama aliyeamka alfajiri akapika, akawaosha watoto, akamuuguza mkwewe hadi usiku wa manane, kazi yake haimo katika pato la taifa hata kwa senti moja, ilhali lau angalizifanya kazi zizo hizo kwa ujira katika nyumba ya mtu mjini Moshi, zingalihesabiwa. Fauka ya hayo, bei ya kahawa ilipoanguka, na baadhi ya wenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa, wakang'oa mibuni na kuuza miringaringa iliyoipa kivuli, mbao zile zilikuwa pato, bali udongo uliochukuliwa na mvua haukutolewa popote. Simon Kuznets, aliyeliandalia Bunge la Marekani hesabu ya namna hii mwaka 1934, alionya tangu hapo kwamba ustawi wa watu haujulikani kwa kutazama pato la taifa peke yake.

Nasi hatukosi pa kuanzia kuzihesabu kazi za nyumbani, kwani uchunguzi wa nguvukazi wa 2014 uliwauliza Watanzania namna wanavyozitumia saa zao. Majibu ya maswali hayo yatangazwe siku ile ile linapotangazwa pato la taifa, ili diwani wa Marangu aombapo bomba la maji au zahanati aweze kuonyesha ni saa ngapi za wanawake wa kata yake zitakazookolewa, na Hazina iwajibike kumjibu kwa hesabu.