Wafanyakazi wa usafi wa afya nao wanahitaji chama chenye nguvu

Ebola ilipotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, madaktari walisikika redioni kila siku. Waliobeba pampu za klorini mgongoni huko Mangina, Beni na Butembo hawakujulikana. Ndio waliopuliza dawa nyumba za wagonjwa na kuzika maiti, mara nyingine wakirushiwa mawe na wakaaji. Ugonjwa uliisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2200. Kazi yao nayo ikaisha, maana wengi walikuwa wakilipwa kwa siku.

Daktari akionewa, anajua mahali pa kubisha hodi. Ordre des médecins ipo tangu 1968, na wauguzi walipata Ordre yao kwa sheria ya 2016. Mwezi wa Aprili 2019, daktari Richard Mouzoko alipouawa Butembo, madaktari na wauguzi wa mji huo waliandamana pamoja wakidai ulinzi. Mtu wa usafi akiungua ngozi kwa klorini, au prime yake ikichelewa miezi, atamwendea nani?

Chama imara kingeweza kufanya mambo matatu. Kwanza, kuweka orodha ya waliofundishwa katika kila moja ya zone 519 za afya, ili wasitafutwe watu wapya kila mlipuko. Pili, mafunzo ya kudumu: maji ya klorini ya kunawa mikono ni asilimia 0,05, ya kusafisha sakafu ni 0,5, na anayekosea anajiunguza au anaacha virusi hai. Tatu, kudai mkataba wa maandishi, wenye malipo na matibabu, kabla mtu hajavaa glavu.

Wapo watakaosema vyama vingi hukusanya michango, kisha viongozi wanakula. Hofu hiyo ina sababu. Dawa yake ni hesabu kusomwa mbele ya wanachama na viongozi kuchaguliwa kwa muda maalumu. Kumwacha kila mmoja ajitetee peke yake hakutaponya kitu.

Kipindupindu kinarudi mara kwa mara Goma na Uvira, na watu walewale wanaitwa kutia klorini kwenye bidoni ufukweni. Wizara ya afya na divisheni za mikoa zinapaswa kukaa nao wakati wa shwari. Mlipuko ukishaanza, hakuna anayepata nafasi ya kujadili mkataba.