Barafu Bondeni, Sumu Chumbani

Mnamo Januari 1998, tangu tarehe 4 hadi 10, bonde la mto Saint Lawrence, mashariki ya Kanada, lilipatwa na tufani ya barafu. Theluji wenyeji wameizoea. Hii ilikuwa mvua. Juu angani hewa ilikuwa ya vuguvugu, lakini chini bondeni ilijilaza hewa nzito yenye baridi kali. Matone yalishuka yakiwa maji, yakagusa waya na matawi, yakaganda papo hapo. Miti iling'aa kama kioo, kisha ikavunjika kwa uzito. Mamia ya minara ya umeme ilianguka pamoja na nguzo za miti zipatazo 30,000. Watu zaidi ya milioni tatu walibaki gizani, na kusini ya Montréal ziko nyumba zilizokaa hivyo karibu mwezi mzima.

Serikali ilipeleka wanajeshi wapatao 16,000. Kazi yao haikuwa ya bunduki: walikata matawi, walifungua njia, walibisha hodi mlango kwa mlango kuwatazama wazee.

Baridi iliua, lakini si peke yake. Wako waliofunga madirisha wasipoteze joto, kisha wakawasha jenereta au jiko la mkaa ndani. Sumu itokayo humo haina rangi wala harufu. Aivutaye huweza kuona usingizi, akadhani ni uchovu. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki pia, usiku wa mvua, jiko huingizwa chumbani makaa yakiwa bado mekundu.