Tupige Windows Upya

Sentensi ninayoiogopa kuliko kirusi chochote cha kompyuta ni hii: "Tupige Windows upya."

Niliambiwa mwaka jana, nimesimama mbele ya meza ya fundi jirani na chuo. Kompyuta yangu ilikuwa inaleta maandishi meupe tu, kwamba hakuna diski ya kuwashia. Ndani yake kulikuwa na mahojiano 19 ya tasnifu yangu ya uzamili. Nakala nyingine sikuwa nayo.

"Dada, diski imekwenda. Nipe elfu ishirini niisafishe, nipige Windows upya."

"Na vitu vyangu, kaka?"

"Hivyo sahau."

Hakuuliza nilifanya nini mara ya mwisho ilipowaka. Ugomvi wangu naye ni huo. Kufuta kunalipa hata kama ugonjwa haukujulikana, kwa hiyo kuuliza kuna faida gani kwake?

Lakini na mimi sikusema. Usiku uliotangulia nilitaka kujaribu Linux kutoka kwenye flashi. Maelekezo niliyoyakuta yalisema niingie BIOS, nibadili namna ya kuwasha kutoka UEFI kwenda Legacy. Nikabadili, nikahifadhi, mashine ikagoma. Nilijua nilichogusa. Niliona haya kukiri kwamba mwanafunzi wa uzamili amegusa asichokielewa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mipangilio ya BIOS haikai kwenye diski. Inakaa kwenye kumbukumbu ndogo iliyo kwenye ubao mkuu wa mashine. Kubadili UEFI kuwa Legacy hakufuti hata herufi moja ya kazi yako. Windows iliyowekwa kwa UEFI huwashwa na faili lililo kwenye sehemu yake maalumu ya diski. Ukichagua Legacy, mashine inatafuta msimbo wa kuwashia kwenye sekta ya kwanza, inaukosa, inalalamika. Diski ni nzima. Mashine imetumwa mlango usio wake. Na kama jina la diski bado linaonekana ndani ya BIOS, fundi hana ruhusa ya kutangaza msiba kabla ya kuipima.

Nilichukua mashine yangu, nikarudi hosteli. Nikaiwasha huku nikibonyeza F2, nikarudisha UEFI, nikahifadhi kwa F10. Ikawaka. Mahojiano yote 19 yalikuwepo.

Tusimtwishe fundi mzigo wote. Darasa la kompyuta lilitufundisha Word, Excel na onyo moja: usiguse. Ndiyo maana tukigusa tunagusa kwa kujificha, na mambo yakiharibika tunakaa kimya kama watoto waliovunja kikombe. Tuna shahada, lakini tunakubali hukumu ya kufutiwa kazi ya miezi bila kuomba ushahidi.

Mimi nasema gusa. Ila weka kwanza nakala ya kazi yako nje ya mashine. Piga picha kila ukurasa wa BIOS kwa simu kabla ya kubadili chochote. Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ikigoma, rudisha hicho hicho. Ukishindwa, mwambie fundi ukweli wote.

Fundi atakayeanza kwa kuuliza "ulibadili nini?" mlipe vizuri, hata akimaliza kwa dakika mbili. Anayeanza kwa kufuta, beba mashine yako uondoke.