Mtoto asoma simu, simu nayo yamsoma

BIBI mmoja wa Vitengeni, katika eneo la Ganze, aliwahi kuniuliza swali lililonifanya ninyamaze kwa muda. Shule zote nchini zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19, aliuza mbuzi wawili akamnunulia mjukuu wake simu ya kisasa, kwa maana alikuwa amesikia kwamba masomo sasa ni ya mtandaoni. Kijana alikuwa na umri wa miaka 15. Alisoma kweli. Asubuhi aliipeleka simu sokoni kuichaji, na jioni alikaa nayo chini ya mwembe, daftari mapajani.

Haikupita miezi mingi kabla ya simu hiyo kuanza kumletea matangazo ya kamari ya kandanda, moja baada ya jingine. La ajabu ni kwamba matangazo hayo yalizitaja timu zile zile ambazo kijana alizishabikia.

“Mwanangu, wewe uliyesoma hebu nieleze,” bibi aliniambia. “Ni nani aliyewaambia watu hao kwamba mjukuu wangu anapenda mpira? Mimi sikumwambia mtu.”

Mpenzi msomaji, aliyewaambia ni kijana mwenyewe, ila hakujua kwamba alikuwa akisema.

Chukua mfano wa duka la kijijini. Mwenye duka ana daftari la mkopo. Baada ya mwaka mmoja, daftari hilo linamweleza mengi kuliko deni la sukari. Anajua ni nani huishiwa na unga kabla ya mwisho wa mwezi, na kwamba anunuaye majani ya chai hununua pia sukari. Siku utakapoanza kununua nepi, atajua una mtoto mchanga hata kabla ya jirani yako kuja kukupa hongera.

Mtandao wa intaneti nao una daftari lake, ila kurasa zake hazina mwisho. Kila unapobonyeza, kila video unayoitazama, na hata muda uliokaa ukiitazama, huandikwa. Wataalamu wa kompyuta wana taaluma nzima ya kuchimbua daftari hilo. Wengine huchambua maandishi na picha zilizomo. Wengine hutazama jinsi kurasa zinavyounganishwa, na hapo ndipo Larry Page na Sergey Brin walipoanzia mwaka 1998 walipounda Google: ukurasa unaotajwa na kurasa nyingi nyingine zenye sifa ulihesabiwa kuwa wa maana zaidi. Kundi la tatu hufuata nyayo za mtumiaji mwenyewe, na hili ndilo lililomjua mjukuu wa bibi yetu.

Si vyema kudhani kwamba kazi hii yote ni ya hila. Nyayo hizo hizo humsaidia mwalimu. Mwanafunzi wa mtandaoni akianza kuruka mazoezi, au akirudia somo moja mara tano, kompyuta inaweza kumwonya mwalimu kwamba huyu yuko karibu kukata tamaa. Hapa Kenya, huduma ya Shupavu 291 ya kampuni ya Eneza iliwapa wanafunzi masomo kwa ujumbe mfupi, hata kwa simu ile ndogo isiyo na intaneti. Watafiti, miongoni mwao René Kizilcec wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, walizichambua kumbukumbu za matumizi ya huduma hiyo ili waone watoto wa Kenya husoma vipi kwa simu wakati shule zimefungwa.

Aidha, nchi yetu ni miongoni mwa zilizotangulia katika kusikiliza mitandao kwa manufaa ya umma. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, vijana wa Kenya waliunda Ushahidi, mtambo uliokusanya ripoti za ghasia kutoka kwa wananchi na kuzionyesha kwenye ramani. Mwaka 2012, kabla ya uchaguzi uliofuata, Ushahidi na iHub Research walianzisha mradi wa Umati. Watu waliajiriwa kusoma yaliyoandikwa mitandaoni na kupima ni maneno gani yangeweza kuchochea watu kupigana. Waligundua kwamba zaidi ya asilimia 90 ya maneno hayo yalikuwa kwenye Facebook.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo mtu wa Vitengeni hana budi kuliangalia. Umati walisoma Kiingereza, Kiswahili, Sheng, Kikuyu, Kiluhya, Kijaluo, Kikalenjin na Kisomali. Kigiriama hakikuwamo. Siwalaumu, kwa kuwa lugha za nchi hii ni nyingi na wasomaji wao walikuwa wachache. Lakini somo ni kwamba anayechimba hupata kilichoko pale alipochimba. Mtoto wa Ganze asiye na simu hakuacha unyayo wowote mwaka 2020. Serikali ikitunga sera za elimu kwa kutazama nyayo za mtandaoni peke yake, mtoto huyo atahesabiwa kana kwamba hayuko.

Na zipo nyayo zinazoonekana wazi lakini hazifuatwi ipasavyo. Mwaka 2023 zaidi ya maiti 400 zilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, katika kaunti hii hii ya Kilifi. Wengi walikuwa watoto. Mahubiri ya Paul Mackenzie, yaliyopinga hata watoto kwenda shule, yalikuwa yamewekwa kwenye YouTube ambako yeyote angeweza kuyasikiliza. Mackenzie alishtakiwa na akakana mashtaka, na kuhukumu ni kazi ya mahakama. Ninalouliza mimi ni hili: ikiwa kompyuta iliweza kujua kwamba kijana wa Vitengeni anapenda mpira, mbona mahubiri yale hayakukomeshwa mapema? Jibu ni kwamba kompyuta hutafuta kile ilichotumwa kutafuta, na mara nyingi hutumwa kutafuta wateja.

Tusisahau kwamba hata programu za masomo zimo. Mwaka 2022 shirika la Human Rights Watch lilichapisha uchunguzi wa programu za elimu zaidi ya 160 zilizopendekezwa na serikali 49 wakati wa Covid-19. Takriban 9 kati ya kila 10 zilikuwa zikikusanya au kutumia habari za watoto kwa njia iliyohatarisha haki zao.

Je, mzazi afanye nini? Kwanza, ajue kwamba sheria iko upande wake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kutumiwa, na inakupa haki ya kutaka zifutwe. Kuna Kamishna wa Data anayepokea malalamiko. Pili, simu ya mtoto isajiliwe kwa umri wake wa kweli, maana anayejiongezea miaka hujifungulia mlango wa kamari mwenyewe. Tatu, programu ya hesabu ikiomba kujua uliko, au kusoma majina ya watu waliomo simuni, ikatalie. Hesabu haihitaji majina ya shangazi zako.

La nne ndilo kubwa, nalo halihitaji utaalamu wowote. Keti na mtoto. Muulize leo simu imemwonyesha nini, na kwa nini anadhani imemwonyesha hicho.

Bibi wa Vitengeni hajui kusoma, lakini hivyo ndivyo alivyofanya. Alimwita mjukuu, akamwambia amsomee tangazo moja baada ya jingine kwa sauti. Walipofika la nne kijana alianza kucheka kwa aibu. Kisha bibi akamuuliza, “Hawa wanaokujua hivi, siku mbuzi zikiisha watakuletea wengine?”

Kijana aliyafuta yote, akarudi kwenye daftari lake.